Mpangaji wa Mama

Simu ya mama ilimkuta fundi lifti kazini, kichwa kimo ndani ya shimo la lifti na miguu iko nje. "Chakula kinaisha," mama alisema. "Samaki wamebaki watatu. Njoo." Akakata. Kwenye simu mama huyu hana habari na maneno ya kupamba.

Kusikia mama yako hana chakula si jambo dogo, hasa kama hujakanyaga kwenu mwaka wa tatu sasa na kila likizo una udhuru mpya. Jumamosi fundi alibisha hodi akiwa na mchele, unga, mafuta ya kupikia na aibu yake.

Jikoni alikuta debe la unga limejaa pomoni na sufuria ya maharage inatokota.

"Mama, si ulisema chakula kinaisha?"

"Nani kasema changu? Cha mpangaji."

Mpangaji alikuwa sebuleni, ndani ya runinga: mwanamume mwenye ndevu, amechutama kando ya moto katika kibanda cha magogo, nje theluji tupu. Fundi alimtambua papo hapo. Yeye ndiye aliyemtengeneza, enzi zile hana kazi, alipokuwa akiucheza mchezo huu wa video mpaka macho yanageuka pilipili. Ni mchezo wa kunusurika porini, na hauna huruma: roho ni moja tu. Ukifa, kila kitu kinafutika, hata kibanda. Kazi ilipopatikana mji wa mbali, aliiacha mashine ya kuchezea chini ya runinga na hakuikumbuka tena.

Siku moja mama alikuwa akipangusa vumbi, akaigusa, ikawaka. Akamkuta kijana wa watu anatetemeka, na alama nyekundu ya njaa juu ya kichwa chake. Mama alipika hospitalini mpaka alipostaafu. Kumpita mtu mwenye njaa hawezi. Alibonyeza hiki na kile hadi akajua mambo mawili, kulisha na kuchochea moto. Tangu hapo, kila akimaliza chai ya asubuhi, humwasha mpangaji, humpa samaki mkavu wa ghalani, humtilia kuni, kisha humzima apumzike. Nje hajamtoa hata mara moja.

"Lakini mama, ukimzima hasikii njaa. Siku zake zinasimama."

"Asiyesikia njaa ni maiti. Huyu kila nikimwasha ana njaa."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Hamu ya zamani ilikuwa imempanda. "Lete hiyo pedi ya kuchezea, mama. Nakwenda kumwindia nyama ya mwaka mzima."

"Mvalishe koti kwanza."

"Mama! Huyu si nimemtengeneza mimi?"

"Kuzaa si kazi, mwanangu. Kazi ni kulea."

Nje theluji ilikuwa nzuri kama alivyoikumbuka, na kwa dakika chache fundi alijiona bingwa. Aliona paa, akamfuata mpaka kibanda kikapotea nyuma yake. Hapo ndipo alipogundua kuwa vidole vimesahau. Alitaka kuwasha mwenge, akautupa. Alitaka kukimbia, akachutama. Koti lilikuwa limebaki limetundikwa kwenye msumari kibandani. Mpangaji alipiga magoti, akalala kifudifudi, na runinga ikaandika kwamba amekufa.

Mama hakulaumu. Fundi angependa alaumiwe.

"Tutaanza mwingine, mama. Atafanana na huyu huyu."

"Simtaki mwingine."

Alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na maharage, akamwekea mwanawe mapajani. Alisimama kumwangalia mpaka tonge la kwanza lilipoingia mdomoni. Kisha akaizima runinga, akakaa akiitazama.

"Nilikuwa namsemesha, unajua," alisema. "Hajibu, lakini nilikuwa namsemesha. Sasa asubuhi nitamlisha nani?"

Fundi alikuwa na tiketi ya kurudi kazini kesho yake alfajiri, ndani ya mfuko wa shati.

"Si mimi nipo, mama."

"Mpaka lini?"

Fundi akatia tonge jingine mdomoni, kubwa, na akalitafuna polepole.