Wingu Moja kwa Wilaya Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Mpigapicha Mkuu wa ofisi yetu ya habari ya wilaya pale Kilosa (mkuu wa nani sijui, maana tulikuwa wawili tu) aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi mkasi na kadibodi, akaniagiza nikate umbo la paa la stesheni. Nikadhani nimeajiriwa ushonaji.

Vijana, filamu zetu za nyeusi na nyeupe hazikuijua bluu. Upige jengo zuri namna gani, anga lilitoka jeupe kama shuka la hospitali. Dawa yake ilikuwa kioo cha njano mbele ya lenzi. Chetu kilikuwa kimevunjika, na kingine tuliagiza mpaka tukasahau kama tumeagiza. Basi Mkuu alitunza negativu, ile filamu ya kuchapia, ya wingu moja alilopiga Mikumi, wingu nono la kuwanywesha tembo wote wa mbugani na kuwaogesha. Katika chumba cha giza tulichapa jengo kwanza, anga tumeliziba kwa kadibodi. Kisha tukaziba jengo, tukachapa wingu. Boma likapata wingu. Stesheni wingu. Ghala la pamba, wingu.

Mambo yaliharibika kwenye maonyesho ya wilaya. Picha ambazo kila bwana mkubwa alizoea kuiona yake tu ofisini kwake zilitundikwa zote ukuta mmoja. Mkuu alipoziona zimepangana hivyo alinivuta pembeni, akasema leo anafukuzwa, na kazi nyingine haijui.

Mgeni rasmi, afisa kutoka mkoani, alipita taratibu, mikono nyuma. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Ndugu," akamwambia Mkuu, "wingu hili nalikuta kila mahali. Linatafuta nini?"

Mimi masomo ya jioni ya siasa yalikuwa yameshaanza kuniwasha ulimi, nikadakia: "Ni la ujamaa, mzee. Kila jengo likimiliki wingu lake, si utakuwa ubepari huo?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Afisa hakucheka. Alimtaka Mkuu aeleze, na Mkuu akaeleza yote: kioo, kadibodi, Mikumi.

"Kwa hiyo mnadanganya wananchi."

"Majengo ni ya kweli, mzee. Anga tu ndilo tumeazima," akajibu Mkuu.

Afisa akautazama tena ukuta, muda mrefu kuliko mkutano wa kijiji. "Basi azimeni na mawingu mengine," akasema, akaenda kuangalia mahindi.

Mkuu alibaki kazini mpaka akastaafu kwa heshima zake. Siku ya kumuaga nilimpiga picha mlangoni pa ofisi, na anga likatoka jeupe pe. Nilikwisha kushika mkasi aliponizuia. "Hiyo iache," akasema. "Humo nimo mimi; sitaki cha kuazima."

Siku hizi nami nimestaafu. Wajukuu wanabadilisha anga kwenye simu kwa kidole gumba, nami nashangilia kuliko wao. Wanaiomba na picha ya Mkuu, waitie mawingu kidogo. Hiyo siwapi.