Kibuyu cha Pili cha Msesewe

Juzi nilipita Masama, harufu ya ndizi zinazochemka ikanikuta njiani. Wenzangu wakamezea mate mbege, pombe ya ndizi. Mimi nilikumbuka siku moja nikiwa msichana wa miaka tisa.

Enzi za Mwingereza, bibi yangu alikuwa mpika mbege. Alichemsha ndizi mbivu mpaka zikageuka nyekundu, akaziacha siku kadhaa zichachuke, akazichuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Mwisho hutiwa maji ya msesewe, gome chungu linaloipa pombe nguvu. Ukizidisha, alisema, unawaua watu wa watu.

Basi mzee mmoja alikufa siku mbili baada ya kunywa kwetu. Jirani akaeneza kwamba bibi amemlisha kitu. Ukoo ukaamua apike tena, wote waje kunywa. Akiugua hata mmoja, bibi ahame kihamba chake, shamba la migomba alimojenga.

Asubuhi ya siku ya kunywa alinituma nitie kibuyu kimoja cha msesewe kwenye pipa. Nilitia, nikaenda mferejini kuteka maji. Niliporudi sikuwa na hakika kama nimeshatia, nikatia kingine. Nilipoona vibuyu viwili vitupu, nikakumbuka. Niliogopa kusema.

Wageni wakajaa uani. Kwa desturi mpishi hunywa kwanza, na akikataa amejihukumu mwenyewe.

"Kunywa, mama, tukuone," jirani akasema.

Bibi akaonja. Akanitazama. Nilijua kwamba amejua. Kisha akainywa kata nzima, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Imeiva," akasema. "Ila wageni wetu ni wengi. Mjukuu wangu, leta uji wote uliobaki tuongeze."

Nilileta, akaumimina wote pipani. Watu wakanywa, wakalalamika kuwa ni nyepesi, wakaenda kwao wazima.

Bibi alitapika siku mbili, mlango umefungwa. Waliokuja kumwulizia niliwaambia kaenda Himo sokoni, huku nasikiliza kama bado anapumua. Siku ya tatu alitoka, akashika jembe.

Siku hizi pombe huja na kizibo chake, na aliyeipika humjui. Bibi naye hayupo, kihamba kimegawanywa viwanja. Hakuniuliza hata siku moja, nami sikuwahi kumwambia.