Neno Lililokwenda Kiloleli

Ukimuuliza Mwalimu Elina amefundisha darasa la saba mara ngapi, atakwambia aliacha kuhesabu. Kila mwaka mwalimu mkuu humsifu, kisha humpa darasa lilelile. Sisi tunaofundisha naye shule hii ya nje ya Mwandoya tunajua: ukisifiwa sana kazini, jiandae kubebeshwa mzigo. Alizaliwa Somanda, Bariadi mjini, akaomba uhamisho wa kurudi kwao mpaka akachoka kuomba. Magoti yanamuuma, na ikifika mchana sauti imekwisha kukauka.

Mwaka jana alikuwa na Nyanjige, binti wa Mabula. Mtoto huyo aliongoza kila jaribio. Elina hafurahishwi na kitu kirahisi siku hizi, lakini karatasi ya Nyanjige aliisahihisha ya mwisho, ili amalize kazi na moyo mweupe.

Agosti darasa la saba wakaingia kambini, yaani walihamia kulala na kusoma shuleni mpaka siku ya mtihani, wazazi wakachanga mahindi na maharage. Hapo ndipo tukasikia kwamba kijana wa Ngeleja, mwenye ng'ombe wengi, anamtaka Nyanjige. Huku kwetu mzazi mwenye mpango huo hagombani na serikali. Binti huambiwa taratibu akajibu mtihani vibaya. Akifeli, nani atamlaumu baba yake?

Elina akaenda kwa Mabula kwa miguu. Alimkuta anatengeneza zizi, akamwamkia Kisukuma, akaketi. Hakumtishia polisi, maana alishachoka na vitisho visivyozaa kitu. Alimweleza tu mtoto wake ni mtoto wa namna gani. Akarudi siku nyingine, na nyingine tena, mpaka Mabula akakiri kwamba kweli binti alikuwa ameambiwa afeli, ila sasa yeye baba mtu amebadili moyo. Atasoma.

Elina alitaka kumwambia mtoto jioni ileile.

"Hapana, mwalimu," Mabula akasema. "Neno la ndoa ya binti hulipeleka shangazi yake. Lile la kwanza alilipeleka dada yangu, na hili atalipeleka yeye. Wewe ni mgeni katika hili."

Elina ni Msukuma, desturi hiyo anaijua. Tena aliogopa mtoto angedhani mwalimu amejitungia ili shule ipate ufaulu. Akanyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza pia.

Shangazi mtu, Veronica, alikuwa njiani kuja kambini alipopigiwa simu kwamba binti yake wa Kiloleli ameshikwa na uchungu. Akageuza, akapanda basi. Alijua kuna mtihani, ila alidhani ni wa Desemba kama wa madarasa mengine. Aliona neno la baba haliozi, litangoja. Akabaki Kiloleli kumwogesha mjukuu hadi kitovu kikakatika, na wiki hiyohiyo watoto wetu wakafanya mtihani.

Kambini wanawake walikuja kila siku na vikapu kuwaona watoto wao. Elina, aliyekuwa na darasa zima la kulisha na kufundisha, alidhani shangazi alikuwa mmojawapo. Siku ya mtihani alimwona Nyanjige anatoka chumbani ametulia, naye akatulia.

Matokeo yalitoka watu wakipanda pamba. Mabula alikuja na binti yake, amevaa shati lake la kwendea mnadani, akauliza Nyanjige amepangiwa shule gani. Elina akalazimika kumwambia kwamba hakupangiwa popote. Amefeli.

Mabula akamgeukia binti. Nyanjige alikuwa anatazama chini.

"Maswali niliyajua yote," akasema. "Nilifanya kama nilivyoambiwa. Shangazi alirudi nimeshamaliza, nikamwitikia tu."

Majuma yote yale alikaa nalo peke yake, akichunga na kulima, akingoja matokeo ambayo alikwishayajua. Nilikuwa meza ya pili, na nilitamani nisiwemo humo ofisini.

Mabula hakumfokea mtu. Alisema yeye alikwishamkatalia kijana wa Ngeleja, na ng'ombe wa mahari waliokuwa wametangulia aliwarudisha. Kisha akamtazama Elina.

"Mimi nilikuwa namsubiri dada yangu. Wewe, mwalimu, ulikuwa unamsubiri nani?"

Elina akajibu kwamba alikuwa anamheshimu yeye. Mabula akaitikia kwa kichwa, akamwambia binti waende shambani kabla mvua haijarudi. Nyanjige akamuaga mwalimu wake kwa adabu, akamfuata baba yake.

Elina akakaa na kulia mbele yetu. Uchungu wake haukuwa kwa Mabula wala kwa shangazi. Wiki zote zile alimpita mtoto yule kila asubuhi, akamwita kwa jina, akamuuliza amelalaje, na hata siku moja hakumuuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyekuja kumwona.