Mlango wa Nyanya Msituni

Juzi, kwenye barabara ya msituni juu ya Muhoroni, nilisoma bango jipya: “Msitu huu haujawahi kukaliwa na watu.”

Nilipokuwa mdogo, nyanya alinipitisha barabara hiyo alasiri moja baada ya mvua, hewa ikinuka majani yaliyooza. Alisimama penye nyasi tupu.

“Usipite hapo,” alinifokea. “Huo ni ukuta. Pitia mlangoni.”

Nilicheka, nikidhani ni mchezo. Leo najua kwamba waliotaka mbao za msitu ule waliichoma nyumba yake, wakapitisha barabara katikati ya boma.

Nyanya hakucheka. Alinishika mkono kwa nguvu, akanirudisha barabarani, tukaingia upya, yeye mbele, ameinama kama mtu anayepita chini ya paa.