Hata Tone na Kungumanga

Kina mama wa kliniki walimwita Hata Tone, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa muuguzi wa watoto wachanga. Kila asubuhi, kabla mizani haijatolewa kabatini, alisimama mbele ya mabenchi na kuhubiri yale yale: mtoto mchanga chakula chake ni ziwa la mama yake, basi. Maji, hata tone. Asali, hata tone. Mafuta kitovuni, hata tone.

Ulimi wake ulikuwa wembe. Mama aliyepaka majivu kitovu cha mwanawe aliulizwa mbele za watu kama amezaa mtoto au sufuria ya kusugua. Aliyembandika mwanawe uzi wenye mate kwenye paji la uso ili kwikwi ikome aliulizwa tangu lini kwikwi imekuwa mbuzi wa kufungwa kamba. Mabenchi yaliangua kicheko, aliyeulizwa akainama, na Hata Tone akageukia mizani akiamini kwamba kazi imefanyika.

Na kazi ilikuwepo kweli. Zunguka dunia utakavyo, utakuta watu wanabishana juu ya kila kitu mpaka namna ya kukoroga chai, lakini kote wamekubaliana kwamba kitoto kinacholia jioni kina jambo tumboni, na kwamba yupo bibi mahali fulani anayejua la kufanya.

Kisha akawa bibi yeye.

Mwanawe alikuwa kazini mbali, akamletea mkewe na kichanga cha kike wakae naye. Aliwapa chumba chake cha kulala, chenye dirisha, akahamia sebuleni kwenye kochi. Wiki za kwanza zilikwenda kama maji mtelezoni. Halafu mtoto akaanza kulia. Jua likishaegemea tu, anakunja miguu, anakuwa mwekundu, analia mpaka sauti inakatika kama redio iliyoishiwa betri. Hata Tone akafanya yote anayofundisha: akamweka begani akamcheulisha, akamkanda tumbo, akamtembeza kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Mtoto akalia vile vile. Mkwewe, binti mpole mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi, alikaa ukingoni mwa kitanda na nywele nusu zimesukwa, nusu timtim.

Siku moja, bila ubaya wowote, binti yule akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Mama yangu angekuwepo, angejua la kufanya."

Neno hilo lilimwingia Hata Tone kama mwiba wa samaki. Mwenye mji mzima wa watoto mikononi mwake, leo anashindwa na mmoja aliye nyumbani kwake! Akaendelea kumtembeza mtoto. Lakini kichwani alishaanza kumwona marehemu mama yake, akisugua kungumanga juu ya jiwe bapa na kuwalambisha wadogo zake kwa ncha ya kidole, nao wakilala kama magogo. Na si walikua? Si hao sasa wana vitambi?

Kungumanga ilikuwa jikoni, kwenye kopo la viungo vya chai. Alingoja mkwewe aingie bafuni. Na hapa ndipo kosa lake lilipokuwa lake peke yake, maana bibi asiyesoma asingelifanya: alilifanya kitaalamu. Alinawa mikono mpaka viwikoni. Alichemsha jiwe la kusugulia. Alichemsha maji, akayapoza, akasugua kungumanga, akachuja kwa kitambaa safi, akavuta kile kimaji cha kahawia kwa bomba la dawa lisilo na sindano, akalipigapiga kwa ukucha kutoa mapovu. Kwa sababu kilikuwa kisafi na kimepimwa, moyo wake ulikubali kwamba hiki si kile anachowakataza wengine. Akakidondosha ndani ya shavu la mtoto, taratibu, kama alivyofundishwa chuoni.

Mtoto alilala. Nyumba ikawa kimya mpaka ukasikia friji. Mkwewe alipotoka bafuni alisimama mlangoni akishika mdomo, kisha akamwambia, "Mama, una mkono wa baraka." Hata Tone akatabasamu, akapokea sifa isiyo yake, akaenda kuosha jiwe.

Kesho yake akarudia. Kesho kutwa, siku yake ya mapumziko, aliongeza kidogo, maana kilio kilikuwa kimeanza asubuhi. Siku hiyo mtoto hakuamka kunyonya. Mkwewe alimtekenya unyayo, akampangusa uso kwa kitambaa cha maji, akamwekea ziwa mdomoni. Mdomo ukabaki wazi, maziwa yakitiririka shavuni. Mikono ilikuwa imelegea kama kitambaa, na kifuani moyo ulikuwa unakimbia.

Wakambeba mbio. Kliniki ilikuwa karibu kuliko pengine popote, kwa hiyo Hata Tone aliingia kwa mlango wake mwenyewe wa kazini, akiwa na kandambili na khanga ya jikoni, mbele ya mabenchi yake mwenyewe yaliyojaa. Wakampisha. Daktari, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, akamlaza mtoto kitandani nyuma ya pazia, akamsikiliza moyo, akamfungua macho kwa kidole.

"Amepewa kitu chochote? Dawa, maji, majani?"

Mkwewe akajibu haraka, karibu aone haya kwa swali lenyewe. "Hapana, daktari. Huyu mjukuu wa Hata Tone. Nani angethubutu?"

Nyuma ya pazia, benchini, mtu akacheka kidogo.

Hata Tone aliiona trei ya vifaa ikiandaliwa. Daktari alikuwa akieleza kwamba huenda maambukizi yamefika kwenye ubongo, kwamba itabidi achukue maji ya uti wa mgongo, kisha mtoto apelekwe hospitali kubwa. Aliiona ile sindano ndefu. Angeweza kumvuta daktari pembeni akamnong'oneza. Alifikiria hilo, akiwa amesimama pale na mjukuu wake hajitikisi. Alifikiria pia pazia, wembamba wake. Kisha daktari akavaa glovu.

"Ni mimi," akasema. "Nimempa kungumanga. Siku tatu. Leo nimezidisha."

Benchini hakuna aliyecheka.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko kugombezwa. Alimuuliza kiasi gani na saa ngapi, kama anavyoulizwa mama yeyote, akairudisha sindano kwenye trei, akaagiza dripu na kipimo cha sukari. Mkwewe hakumtazama. Alihamia upande wa pili wa kitanda, na Hata Tone alipoinua mkono ili amfunike mtoto miguu, binti yule akamfunika kwanza.

Mtoto alifumbua macho jua likizama, akalia kilio chake kile kile cha tumbo. Mama yake akalia naye, kwa furaha. Hata Tone alikuwa koridoni. Alisikia akiwa amesimama, hakuthubutu kuingia.

Aliporudi kazini, aliomba apelekwe stoo kuhesabu mabomba ya dawa. Mkuu wake akakataa, watu hawatoshi. Basi akasimama mbele ya mabenchi, akasema yanayosemwa, bila mzaha, macho yakiwa sakafuni. Kisha akatoa mizani, akamwita wa kwanza, akamuuliza swali analouliza siku zote, kama mtoto amepewa chochote zaidi ya ziwa.

"Maji ya sukari, dada," yule mama akasema. "Tangu azaliwe."

Wa pili akasema asali. Wa tatu alikuwa mama anayemfahamu vizuri, aliyeleta watoto watatu kwenye mizani yake na kujibu "hapana" kila alipoulizwa. Huyo akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mimi nawapa majani ya kuchemsha. Wote nimewapa. Yule wa katikati alivimba tumbo, tukakuambia ni homa." Akamweka mtoto kwenye mizani. "Tungekuambiaje, dada? Ungetucheka."

Hata Tone akatazama mshale wa mizani ukitikisika mpaka ukatulia, na bado hakuweza kuusoma. Alikuwa anawaona wale wote waliomjibu hapana, na watoto wao waliotibiwa kwa homa wasiyokuwa nayo. Akaufuta uso kwa mkono wa gauni.

"Majani gani, mwenzangu?" akauliza. "Niambie taratibu."