Urefu wa Ringi ya Uwanja wa Mji

Jumanne ile mlinzi hakunifungulia geti. Nilikuwa na binti yangu, yuko darasa la tano, kashika mpira wa netiboli tuliouazima kwa jirani. Alikuwa kachaguliwa kwenye timu ya shule yao, mfungaji, na shule yenyewe haina hata goli moja lililosimama. Njia nzima nilimwambia anakwenda kujifunzia pale pale nilipojifunzia mimi.

"Mama Salma, leo kuna semina," mlinzi akasema.

"Semina uwanjani?"

"Ukumbini. Ila magari yao yamepaki kwenye netiboli."

"Na kwenye kiwanja cha wavu?"

"Viti vya harusi. Lete barua ya kamati ya uwanja, nakufungulia saa hiyohiyo. Mimi natumwa tu, dada yangu."

"Barua ya mtoto kurusha mpira."

"Ndiyo hivyo."

Nikageuka, maana ningebaki pale ningesema maneno ambayo mtoto hatakiwi kuyasikia kwa mama yake.

Wewe uliyekulia huku juu pamoja nami unaujua uwanja ninaousema. Ulikuwa kichaka kitupu. Bibi yangu, aliyetoka Mnyambe kuja kuolewa mjini, alikuwa mmoja wa waliousawazisha kwa majembe, mtoto mgongoni, udongo kichwani. Wakapata kiwanja cha mpira, baadaye ukumbi wenye bati refu, kiwanja cha netiboli, na sakafu ya saruji ya mpira wa wavu. Asubuhi ya Idi tuliswali pale. Siku za kliniki watoto walipimwa uzito pale, wakilia na kupokezana kilio. Timu zisipokuwepo, wanawake walianika makopa kwenye ile saruji, harufu ya muhogo ikapanda mpaka barabarani, na mama mmoja alikaa kwenye ngazi na beseni la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, chumvi na pilipili kwenye kigazeti. Barua hatukuijua.

Na lilikuwepo tangi. Bati la ukumbi lilikusanya mvua yote, likaimwaga kwenye tangi la saruji, na unajua maji yalivyokuwa huku kwetu. Tuliamka alfajiri kuteremka bondeni na tulirudi shingo zimekakamaa. Hakuna mama aliyekuwa tayari kumwachia msichana jioni nzima eti akacheze. Mwalimu wetu wa michezo, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, akaenda kuzungumza na mtunza uwanja, kisha akapita nyumba kwa nyumba. Msichana anayecheza netiboli atarudi na maji. Wiki hiyohiyo tukajaa uwanjani, mpaka wengine wakakosa namba.

"Asiye na ndoo asinisumbue," ndivyo alivyotupokea. Ndoo zilipangwa pembeni mwa mstari, za plastiki, za bati, madumu yaliyokatwa juu. Timu iliyoshinda ilichota kwanza. Mwezi wa nane, tangi likiwa limeshuka, walioshindwa walikwangua matope. Kwa hiyo tulicheza kweli, rafiki yangu. Tulichubuana magoti. Nimewahi kumng'ata mtoto wa mchungaji bega, na hajanisahau mpaka leo.

Siku moja nilipewa mpira wa mwisho, niko peke yangu chini ya ringi, na nikakosa. Tangi likaishia kwenye ndoo za wenzetu. Nikarudi nyumbani na ndoo tupu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Nimekosa goli, bibi."

Akafunika chungu cha kisamvu, akachukua ndoo, akateremka bondeni mwenyewe na miguu yake ile ya kuvimba. Aliporudi alisema neno moja tu: "Kesho ulenge." Heri angenipiga.

Usidhani nasifia shida. Bomba lililokuja nililishangilia, na Salma hajui uzito wa ndoo ya bondeni, na asiujue. Kinachonikera ni kwamba maji yalipofika, hao wa kamati wakaona wasichana hawana tena la kufanya pale. Wakajenga ukuta, wakaweka geti, wakapaka rangi. Kumbe na magoli ya netiboli yaling'olewa ili magari yageuke vizuri, nikayakosa Jumanne ile nilipochungulia getini. Bibi hakuishi kuliona geti, na mimi nasema afadhali.

Basi nikafanya la kwangu. Fundi baiskeli akanipa rimu bovu, nikalifunga juu ya nguzo, nikaisimamisha uani. Urefu sikumuuliza mtu. Nilikuwa naukumbuka, ningeuliza ya nini? Nilikumbuka nikiinua uso mpaka kisogo kinauma. Nikalipandisha rimu mpaka nikaridhika, na Salma akarusha kila jioni, wiki tatu, akijikunja na kujifyatua kwa nguvu zote. Akaanza kuingiza. Nilipika huku nasikia mpira ukigonga chuma, nikajiona nimewakomesha wa geti.

Ijumaa Salma na wenzake walipelekwa kujaribiwa kwenye shule jirani yenye magoli ya kweli. Mipira yake yote ilipita juu ya ringi. Yote. Mwalimu wake akamsubiri, kisha akampa nafasi mwingine.

Alirudi hana machozi. Akakaa kizingitini, akavua viatu. "Mama, ringi ya kweli iko chini."

Jumatatu wenzake walipanda gari kwenda Masasi kwenye mashindano. Jioni nikaegemeza ngazi kwenye nguzo, yeye akaishika.

"Shusha," akasema. Nikashusha. "Bado, Mama. Tena." Nikabishana naye, nikamwambia mimi nimecheza miaka mingi. "Tena kidogo."

Nikakaza waya, nikateremka, nikarudi nyuma kuitazama. Ringi ilikuwa chini kuliko bati la jiko letu. Nilisimama nikaikataa moyoni, naitafuta ile iliyokuwa inagusa mawingu, na sina pa kwenda kuihakikisha, maana iliyokuwa yangu imeng'olewa.

"Ndiyo hiyo," Salma akasema, akaingia ndani. Mpira uko uvunguni. Salma kaniambia niurudishe kwa jirani.