Udi Umeua Kware Wangu, na Mchafu Nimeitwa Mimi

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze hata moja. Nimeyameza wiki nzima na yananikereketa kooni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga kwenye nyumba ya mama mkwe. Tumo mimi, mume wangu, mama yake, na wifi yangu ambaye bado hajaolewa. Kwetu mimi ni kijijini, Ushongo. Uani nafuga kware. Walikuwa karibu mia mbili, nimewalea mwenyewe tangu vifaranga.

Najua mtasema kware wananuka. Wananuka kwa mvivu! Mimi nikishaswali alfajiri, kabla hata sijabandika chai, natoa trei zilizo chini ya matundu, nakwangua kinyesi chote, natandaza maranda mapya. Kinyesi nakifunga kwenye kiroba, na mama mmoja wa Nguvumali mwenye bustani ya mchicha anakuja kukichukua. Adui wa kinyesi ni maji tu. Kikiwa kikavu hata ukikaa pembeni yake ukala wali hukisikii, ila kikilowa macho yatakutoka machozi. Miaka miwili hakuna jirani aliyewahi kunigongea mlango kulalamika.

Majuzi nikafiwa na mama mdogo huko kwetu. Nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, mimi nakwenda matangani siku tatu. Trei kila asubuhi, maranda hayo hapo, maji usitie hata tone." Akanijibu, "Nenda kazike, mke wangu. Mimi si mtoto."

Wallahi hakutoa trei hata siku moja! Siku ya tatu, washenga wakatuma salamu kwamba alasiri watakuja kumposa wifi. Mama mkwe kwenda uani, trei zimefurika. Badala ya kukwangua, akamwamrisha wifi amwage maji ya sabuni, ndoo kwa ndoo, juu ya matundu mpaka chini. Ebo! Uani kwetu ni udongo mtupu. Uvundo ukapanda mpaka sebuleni. Sasa wageni wako njiani, wafanyeje? Wakatia udi kwenye vyetezo viwili, wakaviweka katikati ya matundu, kisha wakafunika kila kitu kwa turubai, ati harufu ibaki humo humo.

Ndege ana pumzi kiasi gani jamani, mumfungie moshi?

Nimerudi asubuhi yake, begi bado begani, nikafunua lile turubai, usiku kucha hakuna aliyekumbuka kulitoa. Wamelala midomo wazi, wamelundikana pembeni wakitafuta hewa. Waliobaki hai hawafiki arobaini. Nililia kuliko nilivyolia matangani, Mungu anisamehe.

Wifi ndiye aliyenisimulia yote, naye analia. Akaniambia washenga walikaa dakika chache tu, bibi mmoja kajiziba pua kwa upindo wa kanga. Mama mkwe akawaambia, "Mtuwie radhi, ni mke wa mwanangu. Mchafu, kwao shamba." Walisema watarudi, na mpaka leo kimya.

Nikaingia sebuleni. Mama na mwanawe wanakunywa chai. Nikauliza, "Baba watoto, trei ulitoa?" Akainamia simu yake, "Tuyaache hayo." Mama yake akadakia, "Mwanangu mimi atoe mavi ya ndege? Wewe mkewe una kazi gani?"

Hapo, ndugu zangu, nilikosa, na nakiri. Nilirudi uani nikalikunja lile turubai na maiti za kware ndani, nikaja kulitupa pwaa juu ya busati, mbele ya vikombe vyao. Nikasema, "Haya, mzike mliowaua!" Kwa hilo la kumvunjia heshima mtu mzima nitapiga magoti hata sasa hivi. Mdomo na mkono vilinitangulia.

Lakini magoti wanayoyataka si hayo. Wanataka Ijumaa baada ya swala nikae mbele ya wazee wa ukoo, niseme kwamba ule uvundo ulikuwa uchafu wangu mimi, nimezoea kuacha kinyesi kilundikane. Kisha mjomba wao aende kwa washenga aseme aliyewatia aibu kajulikana na keshaonywa, nyumba ni safi, posa irudi. Na kware waliobaki niwatoe. Nikikataa, nirudi kwetu.

Wifi jana kanishika mikono: "Wifi, nisitiri, nimengoja sana." Nampenda, hana kosa. Kila nikimtazama moyo unanilainika, halafu namkumbuka kaka yake, unanipanda upya.

Maana nilimwuliza mume wangu tukiwa wawili tu, "Si unajua ni wewe?" Akasema, "Najua. Ila wewe ni mwanamke, wataongea, watachoka. Mimi nitachekwa kijiweni." Anajua! Na mama yake mpaka leo hajui kwamba mwanawe aliniahidi. Ameniacha nipakwe matope, yeye anakunywa chai.

Sasa nipeni shauri. Nikubali kuitwa mchafu ili wifi aolewe? Au nimtaje mume wangu mbele ya wazee, liwalo na liwe? Atakayeniandikia "vumilia dada" apite tu.

Na wewe baba watoto, ukurasa huu unaufuata, nimekuona unacheka visa vya wenzako. Cheka na hiki. Ijumaa nitakaa kimya mpaka mzee wa mwisho amalize kusema, nikikungoja wewe ufungue kinywa. Usipofungua, nitafungua mimi.